Kulinda Ndege wa Koko

Jumatatu, 7 Julai

Mchele wa kuvunjika, nusu kikopo. Ndizi moja iliyoiva kupita kiasi. Maji mapya kwenye bakuli la bati. Ndivyo ninavyoanza kila asubuhi tangu shule ifungwe. Mwalimu mzima, likizoni, nimekuwa mtumishi wa ndege.

Ndege wenyewe ni wa Koko. Koko ni mama ya mume wangu. Watoto wangu walimwita hivyo walipokuwa wadogo, nami nikafuata. Aliteleza ukingoni mwa mto kwao Yanonge, akaumia nyonga, na baada ya Pasaka mume wangu akamleta hapa Kisangani kwa boti. Daktari alisema mfupa umeshika, sasa atembee. Hatembei. Anakaa kwenye kiti cha barza ya nyuma, anatazama uani.

Wiki za kwanza hakutaka kula. Siku moja alimwaga wali chini, nadhani kwa hasira, na kwera wawili wakashuka kutoka mchikichini. Aliwatazama. Akawaongezea. Kisha akala na yeye. Tangu hapo hula hivyo hivyo: tonge kwao, tonge kwake. Wasipokuja, hali. Kwa hiyo mume wangu alisimika mti katikati ya uwanja na kupigilia juu yake kifuniko cha pipa, kiwe meza yao, halafu akaenda zake Ubundu kwa kazi ya reli. Watoto wako Kinshasa. Nimebaki mimi na Koko.

Ananisemesha Kilingala, namjibu Kiswahili. Mimi ni mtu wa Kindu, tena Mwislamu. Hakunitaka na hakuficha. Tunaelewana vya kutosha kugombana.

Jumatano, 9 Julai

Kwera ndio wengi, wale wa manjano wenye uso mweusi, na fujo yote ni yao. Shomoro wanaiba pembeni. Kuna vidogo vya kahawia vinavyokaa bega kwa bega kama watoto wa chekechea. Kuna pugi, njiwa mdogo, anayekula chini peke yake kwa adabu.

Mmoja Koko amempa jina. Kwera dume, unyoya mmoja wa mkia umepinda. Anaitwa Shefu. Anafukuza wenzake wote mezani, kisha anasahau kula. Leo aliteleza kwenye ganda la ndizi, akaanguka, akajifanya hakuanguka. Koko akacheka. Sikujua anacheka hivyo, kwa mabega.

Alimaliza sahani ya wali na sombe, majani ya muhogo. Yeye huita pondu. Hakusema asante. Sikuingoja.

Ijumaa, 11 Julai

Walikuwa wanakula, kelele kama kawaida. Halafu kelele ikakatika.

Kitu cha kijivu kilitokea upande wa jirani, juu ya ukuta, kikapita chini ya kamba ya nguo. Ndege wakalipuka kila upande. Pugi aligonga kioo cha dirisha, akaanguka, akatikisa kichwa, akaruka tena. Nilipotazama uwanjani, kipanga alikuwa amesimama chini na kwera mguuni. Miguu ya manjano. Macho ya manjano. Kifuani mistari myembamba ya rangi ya udongo. Alitutazama bila wasiwasi, kama mtu aliye kwake. Akaondoka naye.

Ulibaki unyoya mmoja, uliopinda.

"Kombekombe," Koko akasema. Ndilo jina la kipanga kwao. Akasukuma sahani.

Jumamosi, 12 Julai

Koko hakula. Aliuliza mara kwa mara: "Bandeke bakei wapi?" Ndege wameenda wapi. Nilimwambia watarudi. Walirudi wachache tu jua lilipokuwa juu, wakadokoa wakitazama nyuma, wakakimbia kivuli cha shati kwenye kamba.

Nilimpigia mume wangu. Sauti ilikuja vipande vipande. Alisema, "Uchunge," kisha mtandao ukakatika. Nichunge nani, hakusema.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeihamisha meza. Ilikuwa mahali peupe mno. Ndege hawakuwa na pa kukimbilia. Nimechimba shimo jipya karibu na mlimau, wenye miiba na majani mazito, wapate kujitupa ndani. Vidirisha nimevifunga vipande vya kitenge cha zamani, wavione vioo. Viganja vimechubuka. Sijashika jembe tangu nilipokuwa mwanafunzi.

Papa Rigobert alisimama kwenye matofali upande wake wa ukuta akinitazama. Ni jirani yetu, mjane, anafuga kuku na kuuza mayai. Katika lupango lake, uwanja wake, kuna mti mrefu wa msafu, na anasema kipanga anatokea humo.

"Mama mwalimu," akasema, "ndege ya pori inajichungaka yenyewe."

Nilimwambia hawa si wa pori tena. Wana mtu.

Koko alikula kidogo. Vijiko vya mtoto.

Alhamisi, 17 Julai

Kipanga amejua. Alijificha ndani ya mlimau wenyewe, kwenye giza la majani. Shomoro walipotua hakuhitaji hata kuruka, alinyoosha mguu tu. Kumbe ni mimi niliyempa kiti karibu na meza.

Nilimtupia sandali. Ilienda kwa Papa Rigobert. Kuku wake wakapiga kelele, naye akairudisha bila neno, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Koko hakugusa mchana, hakugusa jioni. Chai tu. Nilipomsaidia kuvaa blauzi niliona mifupa ya mikono yake. Simpendi sana. Hata hivyo naogopa.

Jumamosi, 19 Julai

Nilienda kwa mwenzangu anayefundisha biolojia shuleni kwetu. Anakaa mbali, ng'ambo ya mji, nilipanda toleka na mwenye baiskeli akanilaumu njia nzima kwa uzito wa mapapai niliyobeba. Mwenzangu alifikiri kidogo. Ondoa chakula chote, akasema. Chote, kwa muda. Kipanga hafuati meza, anafuata msongamano. Msongamano ukitawanyika, atatafuta kwingine. Ndege wadogo hawatakufa, nyasi zimejaa mbegu sasa.

Ndege hawatakufa. Koko je?

Jumapili, 20 Julai

Tumegombana. Nilimweleza vizuri, hatua kwa hatua, kama darasani. Alisema nataka kumuua polepole ili nyumba ibaki yangu. Nilisema nyumba ni ya mwanawe na ina mbu, siigombanii na mtu. Alisema nimemfukuzia ndege kwa sababu walimpenda yeye. Hilo liliniumiza, kwa sababu kidogo ni kweli, niliwaonea wivu.

Mchana nilileta kiti changu barza. Nikaketi kando yake na sahani yangu. Nikamwambia: tutakula wawili. Tonge kwangu, tonge kwako, mpaka ndege warudi.

Alinitazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani.

"Nalingi te," akasema. Sitaki.

Nikala peke yangu, kando yake. Ilikuwa aibu kubwa, lakini sikuinuka.

Jumatatu, 21 Julai

Meza tupu. Walikuja, wakatua, wakatazama bati, wakanitukana. Sijui lugha yao lakini nilielewa. Niliona haya kama niliyefunga duka mbele ya foleni.

Nilikaa tena na Koko. Lituma, ndizi za kupondwa, na samaki. Nilikula, nikaongea na hewa. Ghafla akaingiza mkono kwenye sahani yangu, akanyanyua samaki, akanionyesha nilivyomsafisha vibaya. Huu mfupa hautakiwi kubaki. Na huu. Na hapa umeacha nyongo. Alimfungua mzima kwa vidole, na kila alichofungua alikitia mdomoni kuthibitisha.

 Niliangalia mlimau.

Jumatano, 23 Julai

Sasa ananisahihisha kila mlo. Chumvi, moto, kisu. Nimeanza kuacha makosa makusudi. Leo niliacha magamba upande mmoja wa samaki, akashughulika nayo kwa furaha kabisa.

Na ameanza kuchanganya Kiswahili. Kiswahili chake kina mashimo kama barabara ya Ubundu, lakini kinafika. "Weye unapikaka muzuri," aliniambia, "lakini unaogopa pilipili." Sijui kama ni sifa au tusi. Nimeiweka kwenye sifa.

Alinisimulia habari za mume wake, mvuvi, baba ya mume wangu, ambaye sikumkuta. Alikuwa haongei kabisa akiwa nchi kavu. Akipanda mtumbwi anaimba. Koko alikuwa akisimama ukingoni kwa kujificha, amsikilize.

Kipanga alipita mara moja, akatua kwenye nguzo ya umeme, akatazama meza tupu, akaenda. Nilijisikia mshindi.

Jumamosi, 26 Julai

Ushindi gani.

Papa Rigobert alibisha hodi getini. Amevaa shati safi, kumaanisha mambo ni mazito. Kipanga amegeukia vifaranga vyake. Jana, juzi, na leo tena. Hakupandisha sauti. Alisema mwanzoni alidhani ni paka, kisha akaona mwenyewe. Alisema kuna mpwa wake, koplo katika kambi ya Kapalata, atakuja kula Jumapili ijayo, si kesho, ile nyingine. Atakuja na bunduki.

"Risasi moja, mama mwalimu. Mambo imeisha."

Nilimwambia pole. Pole ya nini, wakati ni mimi niliyemrushia tatizo juu ya ukuta? Nilitaka kipanga aende kwingine. Kwingine kulikuwa nyumba ya pili.

Sitaki risasi hapa. Mji huu umesikia risasi za kutosha. Nina umri wa kukumbuka jinsi tulivyolala chini ya vitanda. Hata ya ndege sitaki kuisikia.

Jumatatu, 28 Julai

Nilimwambia Koko habari za bunduki.  Akaniagiza furushi lake, lile alilokuja nalo kutoka Yanonge, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. Alifungua mwenyewe. Ndani, chini ya nguo za msiba, wavu. Wavu wa mume wake.

Aliutandaza magotini. Akaingiza vidole viwili katika tundu moja. Kwera anapita hapa, akasema. Shomoro anapita. Kombekombe apiti.

Tukaukata. Kipande kikubwa kwa vifaranga vya Papa Rigobert, kingine cha kufunika meza yetu kama chandarua. Mimi nilipigilia vijiti, yeye alifunga mafundo kutoka kwenye kiti. Vidole vyake vina haraka ambayo miguu yake imeikataa. Alinifundisha fundo. Nilifunga la kwangu, akalivuta kidogo, likafunguka lote. Akacheka kwa mabega.

Papa Rigobert alipokea wavu wake, akaugeuza geuza. Alishukuru. Nilimuuliza kama mpwa bado anakuja. Alisema wavu ni wavu na bunduki ni bunduki.

Jumatano, 30 Julai

Chakula kimerudi, chini ya wavu. Asubuhi waliuogopa. Walizunguka, wakasemezana. Vile vidogo vya kahawia ndivyo vilivyothubutu kwanza, kimoja, halafu vyote. Kisha kwera, na fujo ikaanza upya.

Koko alikula nao. Tonge kwao, tonge kwake. Halafu, bila kunitazama, akanisogezea sahani na mimi.

Siku nzuri. Sina la kuongeza.

Jumamosi, 2 Agosti

Mkono wa kushoto unauma. Naandika kwa wa kulia, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Asubuhi nilikuwa jikoni. Kwera walipiga kelele, kisha nikasikia sauti kama mtu anapasua nguo. Koko akaniita. Nilitoka mbio na kijiko mkononi.

Kipanga alikuwa kwenye wavu. Alikuja kwa kasi kama zamani, hakuuona, au aliuona akaudharau. Bawa moja limepenya, miguu yote miwili imenaswa, na kila alipojipigapiga kamba zilizidi kumkaza. Mdomo wazi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania siku zote.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama na kijiko changu nikafurahi.

Kisha kiti kikakwaruza sakafu. Koko amesimama. Ameshika nguzo ya barza, halafu ameiachia. Alikuja akiburuta miguu, anafungua kitenge chake cha juu huku anakuja, na mimi nimeganda, naogopa hata kumsemesha nisije nikamwangusha. Alipofika akamtupia kipanga kile kitenge kichwani. Ndege akatulia pale pale, kama taa iliyozimwa.

"Leta makasi," akaniambia.

Nilipotoka na makasi, Papa Rigobert alikuwa ameshaingia getini. Alisikia kelele. Ana panga mkononi.

"Mumushike vile vile," akasema. "Nipige kichwa."

Koko hakumtazama. Alimlaza ndege chali ndani ya kitenge, akampulizia manyoya ya tumbo, kama tunavyompulizia kuku sokoni kabla ya kununua. Manyoya yakafunguka. Katikati palikuwa na ngozi tupu.

"Papa, weye unafugaka kuku," akasema. "Hii ni nini?"

Papa Rigobert aliinama. Alitazama kwa muda. "Alikuwa analalia mayai," akasema.

"Batoto yake iko kwa muti yako."

"Na batoto ya kuku yangu? Alikula nane, mama!"

"Alikula. Na Shefu yangu alikula." Sauti yake ilitetemeka hapo, mara moja tu. "Unataka wale wengine balie na njaa pale juu, kila siku, weye unasikia?"

 Papa Rigobert alijifuta jasho. Nilitazama panga, nikatazama msafu, na mimi pia sikujua ninataka nini. Mtu ana haki ya vifaranga vyake.

Aliweka panga chini. Akashika bawa lililonaswa ili nipate kukata. Alilalamika muda wote: kwamba sisi wanawake tutamfilisi, kwamba ndege huyu hatashukuru, kwamba nishike makasi vizuri.

Nilikata. Ule ulikuwa wavu wa mume wake, na kila kamba nilimtazama Koko kwanza.

"Kata," akasema. "Ni kamba."

Kamba ya mwisho ilipoachia, mguu ukapenya kitenge na kucha zikaingia kiganjani mwangu. Nilipiga kelele. Koko akafunua. Kipanga alibaki amelala kidogo, kama hakuamini, kisha akaondoka chini chini, juu ya ukuta, akapanda kwenye msafu.

Ndipo Koko akagundua amesimama. Akanyoosha mkono kutafuta nguzo. Papa Rigobert alimshika upande mmoja, mimi mwingine, tukamrudisha kitini.  Niliosha mkono kwa maji ya chumvi, nikapika chai ya watu watatu.

Jumapili, 3 Agosti

Mpwa alikuja baada ya misa. Nilimwona getini kwao: kijana mrefu, mwenye haya, bunduki mgongoni kama mzigo wa mtu mwingine. Nilikaa na Koko barza. Tulisikia sahani. Tulisikia redio, kicheko, mlango wa banda la kuku. Kila kelele ilipokatika nilingoja mlio. Koko alikuwa anasali, midomo inacheza. Mimi pia niliomba, kwa namna yangu. Kwa ajili ya kipanga. Kama mtu angeniambia hivyo mwezi uliopita, nisingeamini.

Hakuna risasi.

Jua lilipoanza kushuka kichwa cha Papa Rigobert kikatokea juu ya ukuta.

"Nilimuambia akuje kula tu," akasema, na kichwa kikashuka.

Jumanne, 5 Agosti

Wavu wa meza haufai tena, na hata ungefaa, nisingeurudisha. Kinachonasa kipanga kitanasa na pugi.

Koko ameagiza kekele, zile kamba ngumu za msituni wanazosukia viti. Nimezikuta soko la kando ya mto, nikazileta kwa toleka, zinaburuta nyuma kama mkia. Amezilowesha kwenye beseni. Anataka kusuka mgono, mtego wa samaki wa kwao, ila wa ndege. Mgono wa kawaida una mlango mmoja wa kuingia na hauna wa kutoka. Huu atauwekea milango kila upande, midogo, ya kekele ngumu isiyomfunga mtu.

Alisuka mpaka mchana. Akihitaji kekele nyingine husimama mwenyewe, anashika ukuta, anachukua. Namwacha. Najifanya nina kazi jikoni.

Jumapili, 10 Agosti

Mgono umekwisha. Mkubwa kama kapu la kuku, umefungwa juu ya kifuniko cha pipa. Pugi alishindwa kuingia. Alizunguka chini akitazama juu kama mtu aliyekosa tiketi. Koko akaniagiza kisu, akaongeza mlango mmoja kwa kipimo chake, chini kabisa. Pugi akaingia. Kwa adabu.

Alhamisi, 14 Agosti

Kipanga alikuja. Nilimtambua, bawa la kulia lina pengo. Alitua juu ya mgono. Ndani kimya kabisa, kila mmoja amejibana katikati. Aliingiza mguu. Haukufika. Akajaribu upande mwingine. Akakaa juu pale, akatazama kati ya miguu yake kwa muda, chakula chote kile. Kisha akaenda upande wa mto.

Nilipumua. Koko alikuwa hajaacha kutafuna.

Alhamisi, 21 Agosti

Vilio vyembamba kwenye msafu tangu asubuhi. Koko alivisikia kabla yangu. Makinda wawili, wamesimama kwenye tawi nje ya kiota, wana manyoya ya mtoto bado kichwani, wanadai chakula kama wanadaiana. Papa Rigobert alinionyesha kutoka upande wake, kwa kidole na kwa majivuno, kama yeye ndiye aliyewalea. Vifaranga vyake viko chini ya wavu. Hajapoteza mwingine.

Sisi tumepoteza. Mchana mama yao alimchukua shomoro kwenye bakuli la maji, nje ya mgono. Nililia kidogo, nilijishangaa. Koko alisema, "Pole, mutoto," kwa yule shomoro. Halafu akamalizia wali wake. Baadaye tuliliingiza bakuli ndani ya mgono. Ilipasa tufikirie mapema.

Hatuwezi kuwalinda wote. Nimeandika hivyo ili nisome tena siku nitakapokasirika.

Jumapili, 31 Agosti

Shule inafunguliwa kesho. Sketi nimepiga pasi. Papa Rigobert amesema atapita asubuhi kumjulia Koko hali, na Koko amesema yeye si mgonjwa, apite kama anataka kupita.

Mvua nyembamba tangu alfajiri. Tulikaa barza na chai na mikate ya moto. Ndege hawakuja mapema.

Koko aliniuliza nafundisha nini huko shuleni. Miaka yote hii hakuwahi kuuliza. Nikamwambia: jiografia. Milima, mipaka, mito. Akauliza mto wetu unaishia wapi. Nikamtajia: Yanonge, Isangi, Bumba, Lisala, Mbandaka, Kinshasa, kisha maporomoko, kisha bahari, maji ya chumvi yasiyo na ng'ambo. Alifikiria hilo.

"Na samaki," akasema, "banajua kama bamefika?"

Nilisema sijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza, hata darasani.

Mvua ilipungua. Kwera wakaanza kuingia kwenye mgono mmoja mmoja, wamelowa, wanagombana. Koko alikuwa ananieleza samaki gani hupenda maji ya kahawia na gani hukimbia. Nilikuwa na maswali. Tuliongea mpaka chai ikapoa, nikaichemsha tena.